Kutoka Mashamba ya Miwa hadi Dhahabu ya Rio

Mto Brazos unaposhuka kuelekea Ghuba ya Mexico hupita kwenye tambarare ya udongo mzito, kusini-magharibi mwa jiji la Houston, jimbo la Texas. Ni udongo ulioletwa na mafuriko ya karne nyingi. Unashika maji, na muwa unaupenda. Leo juu ya udongo huo umesimama mji wa Sugar Land, ambao sensa ya mwaka 2020 iliukuta na wakazi 111,026. Una barabara pana, maziwa ya kuchimbwa, nyumba za matofali zilizopangwa kwa mitaa, na mabwawa ya kuogelea yanayotunzwa kwa ada za wenye nyumba. Ndiko alikozaliwa Simone Manuel, tarehe 2 Agosti 1996, mwanamke wa kwanza Mmarekani Mweusi kushinda dhahabu ya Olimpiki katika mbio za kuogelea za mtu mmoja mmoja.

Habari zake husimuliwa zaidi kama habari za kipaji, na kipaji anacho, hilo halina ubishi. Lakini mtoto hawezi kujulikana kuwa ni mwogeleaji kama hakuna maji ya kumtia. Pawe na bwawa, pawe na mwalimu, pawe na mzazi mwenye nafasi ya kumpeleka jioni na alfajiri, na kabla ya yote pawe na mtaa ambao mzazi huyo ameruhusiwa kununua nyumba. Kwa hiyo anayetaka kujua Simone Manuel alitoka wapi hana budi kuanza na ardhi yenyewe: nani aliilima, nani alizikwa humo, na nani hatimaye alipewa funguo za nyumba zilizojengwa juu yake.

Miwa na minyororo

Katika miaka ya 1820 Texas ilikuwa bado sehemu ya Mexico. Stephen F. Austin alipata kibali cha kuleta walowezi kutoka Marekani, na kundi lake la mwanzo la familia zipatazo 300 likagawiwa ardhi nzuri kuliko zote, kando ya Brazos na mito jirani. Wengi wao walikuja na watumwa. Miwa ilipandwa mapema, na mwaka 1853 W. J. Kyle na Benjamin Franklin Terry walinunua shamba kubwa lililokuwa likiitwa Oakland, wakalipa jina la Sugar Land. Sukari ya shamba hilo ilikatwa, ikakamuliwa na kupikwa na watu waliokuwa mali ya watu wengine.

Tarehe 19 Juni 1865 jeshi la Muungano lilitangaza huko Galveston kwamba watumwa wote wa Texas wako huru. Wenye mashamba walibaki na ardhi bila mikono ya kuilima, na hawakukaa muda mrefu kabla ya kupata njia nyingine. Marekebisho ya 13 ya Katiba ya Marekani yalipiga marufuku utumwa isipokuwa kama adhabu ya kosa la jinai, na wakubwa wa Kusini wakaupanua mwanya huo kadiri walivyoweza. Mtu Mweusi aliyekutwa akizurura, au aliyeshtakiwa kwa wizi mdogo, alifungwa miaka, kisha serikali ikamkodisha kwa mwenye shamba. Mwaka 1878 Edward H. Cunningham na Littleberry A. Ellis, wakulima wa miwa wa eneo hilo, walipata mkataba wa kuwakodi wafungwa wa jimbo zima.

Mpango huo ulikuwa na ukatili wa aina yake. Mtumwa alinunuliwa kwa fedha nyingi, na akifa, bwana wake alipata hasara. Mfungwa wa kukodi akifa, serikali ilileta mwingine. Watu walikata miwa wakiwa wamesimama kwenye maji na matope, katika joto na mbu wa bonde lile, wakila kidogo na kuchapwa. Eneo hilo likabandikwa jina la shimo la jehanamu la Brazos. Kati ya mwaka 1866 na 1912 wafungwa zaidi ya 3,500 walifia mikononi mwa mfumo wa magereza wa Texas. Sheria ya kukomesha ukodishaji ilipitishwa mwaka 1910 na utaratibu huo ukaisha miaka miwili baadaye, lakini serikali ya jimbo ikawa na shamba lake la wafungwa palepale. Gereza la mwisho la eneo hilo halikufungwa hadi 2011.

Shamba la Cunningham na kiwanda chake vilinunuliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na Isaac H. Kempner na William T. Eldridge, waliounda kampuni ya Imperial Sugar. Sugar Land ikawa mji wa kampuni: nyumba za kampuni, duka la kampuni, kazi ya kampuni. Ilipopata hadhi ya kuwa manispaa mwaka 1959 ilikuwa kijiji tu mbele ya Houston. Sensa ya 1960 ilihesabu watu 2,802.

Nyumba za viungani

Wakati Sugar Land ikiendelea kusafisha sukari, nchi nzima ilikuwa inahamia nje ya majiji. Tangu mwaka 1934 serikali ya Marekani ilikuwa ikidhamini mikopo ya nyumba, hivyo mtu wa kipato cha kawaida aliweza kulipa taratibu kwa miaka mingi. Sheria ya mwaka 1944 iliwafungulia askari waliorudi vitani mikopo yao. Sheria ya barabara kuu ya mwaka 1956 ikaleta lami ya kuwapeleka kazini. Mfano uliojulikana kuliko yote ni Levittown, nje ya New York, ulioanza kujengwa mwaka 1947 na kufikia nyumba zaidi ya 17,000 zilizofanana kama ndugu.

Neema hiyo ilikuwa na mlango, na mlango ulikuwa na bawabu. Maofisa wa mikopo walichora ramani za majiji na kutia rangi nyekundu mitaa ya watu Weusi, kwa maana kwamba huko fedha isipelekwe. Hati za nyumba nyingi za viungani ziliandikwa masharti ya kuzuia zisiuzwe kwa mtu Mweusi. Levittown yenyewe iliuza kwa Wazungu peke yao. Familia Nyeusi iliyokuwa na fedha mkononi bado haikuweza kununua, na nyumba ambayo haikununuliwa mwaka 1950 ndiyo mali ambayo wajukuu hawakurithi.

Sheria ya Makazi ya Haki, iliyosainiwa Aprili 1968, siku chache baada ya kuuawa kwa Martin Luther King, ilipiga marufuku ubaguzi huo. Haikurudisha miaka iliyopotea. Lakini mitaa mipya iliyojengwa baada yake ilianza chini ya sheria nyingine, na hilo lina uzito mkubwa katika habari ya Sugar Land, kwa sababu mji huo ulikua karibu wote baada ya 1968.

Mwaka huohuo wa 1968 ulianza mradi wa Sugar Creek, nyumba za kifahari kuzunguka uwanja wa gofu. Houston ilikuwa inanona kwa mafuta, na barabara kuu ya kusini-magharibi ilikuwa imelisogeza bonde la Brazos karibu na ofisi za mjini. Mwishoni mwa miaka ya 1970 ukaja mradi uliogeuza kila kitu: First Colony, mji uliopangwa kwenye ekari zipatazo 10,000, mradi ulioongozwa na Gerald Hines, mjenzi mashuhuri wa Houston. Jina hilo lilikuwa kumbukumbu ya koloni la Austin.

Ujenzi wa namna hiyo Texas una siri yake, nayo ni wilaya za maji. Mjenzi akitaka kugeuza malisho kuwa mtaa hangoji halmashauri ya jiji imfikishie bomba. Anaomba iundwe wilaya ndogo ya huduma, yenye mamlaka ya kisheria. Wilaya inauza hati za deni, fedha zinachimba visima, mifereji na mitaro ya majitaka, na deni linalipwa pole pole kwa kodi za nyumba za watu ambao hata bado hawajahamia. Pembeni ya Brazos zikaongezwa wilaya za matuta ya kuzuia mafuriko. Juu ya kodi hizo kila mwenye nyumba hulipa ada kwa chama cha mtaa, na ada hizo ndizo hukata nyasi, huwasha taa na kutia dawa kwenye mabwawa ya kuogelea.

Hesabu za sensa zinaonyesha kasi yake. Wakazi 8,826 mwaka 1980. Wakazi 24,529 mwaka 1990. Wakazi 63,328 mwaka 2000. Katika miaka ishirini mji ulikuwa mara saba. Kiwanda cha sukari kilizima mitambo yake mwaka 2003, na kwa wengi wa waliokuwa wakipita mbele yake kwenda kazini, kilikuwa tayari ni jengo la kumbukumbu. Waliohamia hawakuwa wa rangi moja. Walikuja Wazungu, Waasia kwa wingi mkubwa, Walatino na Waafrika. Na walikuja pia Wamarekani Weusi wa tabaka la kati, akina Manuel wakiwemo.

Maji yaliyozungushiwa ukuta

Ili kuona ajabu ya binti Mweusi kukulia bwawani, lazima tukumbuke mabwawa yenyewe yalivyopiganiwa. Miji ya Marekani ilijenga mamia ya mabwawa ya umma katika miaka ya 1920 na 1930, makubwa na ya kupendeza, na sehemu nyingi watu Weusi walizuiwa kwa sheria au kwa ngumi. Mwezi Juni 1949 mji wa St. Louis ulipotangaza kwamba mabwawa yake yako wazi kwa wote, vijana Weusi walioingia bwawa la Fairground Park walizingirwa na kupigwa na umati.

Tarehe 18 Juni 1964, huko St. Augustine, Florida, wanaharakati Weusi na Weupe waliruka pamoja katika bwawa la hoteli moja iliyokuwa ikiwabagua wateja. Meneja alichukua chupa ya asidi ya kusafishia na kuimimina majini huku waogeleaji wakiwa ndani. Picha zilizunguka dunia. Siku iliyofuata Baraza la Seneti lilipitisha Sheria ya Haki za Kiraia.

Sheria ilipowabana, wengi walichagua kuondoa maji yenyewe. Jiji la Jackson, Mississippi, lilifunga mabwawa yake ya umma badala ya kuyachanganya, na mwaka 1971 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema jiji halikuvunja Katiba. Kwingineko Wazungu walihamia viungani na kuogelea kule, katika vilabu vya wanachama. Kisheria vilabu hivyo vilijiita vya faragha, hivyo vikajiona huru kumkataa yeyote.

Kesi iliyovunja hoja hiyo ilitoka Wheaton, kiunga cha Washington katika jimbo la Maryland. Klabu moja ya kuogelea ilikuwa ikitoa kipaumbele cha uanachama kwa walioishi umbali wa robo tatu ya maili kutoka bwawani. Mume na mke Weusi wakanunua nyumba ndani ya eneo hilo, wakanyimwa hata fomu. Mwaka 1973 Mahakama Kuu iliamua kwa sauti moja kwamba uanachama ule ulikuwa umefungamana na nyumba. Anayemnyima mtu bwawa linaloambatana na nyumba anamnyima sehemu ya haki ya kununua nyumba yenyewe. Sidhani kuna hukumu iliyoeleza waziwazi zaidi namna viunga vya Marekani vilivyofanya kazi: nyumba ilikuwa tiketi, na bwawa lilikuwa mojawapo ya vitu ambavyo tiketi hiyo ilinunua.

Binti wa First Colony

Simone alikuwa na kaka wawili wakubwa, Chris na Ryan, na alianza masomo ya kuogelea akiwa na miaka minne. Siku ya pili ya masomo alivuka bwawa. Baadaye alijiunga na klabu ya First Colony, iliyobeba jina la mtaa, chini ya kocha Allison Beebe. Kaka zake walihamia mpira wa kikapu. Yeye alibaki majini.

Alipokuwa na umri wa miaka kama kumi na miwili alimuuliza mama yake kwa nini bwawani hawaoni watoto wengi wanaofanana naye. Mama hakumjibu kwa maneno ya kumtuliza. Walikaa pamoja, wakatafuta historia, wakasoma jinsi watu Weusi walivyofungiwa mabwawa na fukwe. Kwa hiyo mtoto huyo alikuwa akihesabu sekunde zake huku akijua kilichomtangulia. Shule yake ya sekondari, kama ishara ya historia ya mji, iliitwa kwa jina la Stephen F. Austin, yuleyule aliyeleta walowezi na watumwa wao kwenye kingo za Brazos.

Mwaka 2013, akiwa na miaka 16 alipofika Barcelona kwa mashindano ya dunia, alirudi na dhahabu ya kupokezana mita 100 mara nne. Mwaka uliofuata alijiunga na Chuo Kikuu cha Stanford. Mwezi Machi 2015, katika fainali za vyuo vikuu huko Greensboro, North Carolina, alishinda yadi 100 mtindo huru. Wa pili alikuwa Lia Neal, mwenzake wa Stanford, na wa tatu Natalie Hinds wa Florida. Wanawake watatu Weusi walishika nafasi tatu za juu, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika mashindano hayo. Greensboro ndiyo iliyoona mwaka 1960 wanafunzi wanne Weusi wakikaa kwenye kaunta ya chakula na kukataa kuondoka.

Kisha ikafika tarehe 11 Agosti 2016, Rio de Janeiro, fainali ya mita 100 mtindo huru. Aliyetazamiwa kushinda alikuwa Cate Campbell wa Australia, mwenye rekodi ya dunia. Campbell aligeuka kwenye mita 50 akiongoza kwa kasi kali. Penny Oleksiak wa Kanada, msichana wa miaka 16, aligeuka akiwa wa saba. Katika mita za kurudi Campbell aliishiwa nguvu, akateleza hadi nafasi ya sita. Manuel hakulegeza mkono. Alifika ukutani, akageuka kutazama ubao, akaona namba 1 mbele ya jina lake, akafunika mdomo kwa kiganja. Oleksiak naye alikuwa na namba 1. Wote wawili walitumia sekunde 52.70, rekodi mpya ya Olimpiki, na wote wakavishwa dhahabu.

Siku mbili baadaye Manuel alimalizia kundi la wanawake wa Marekani katika mbio za mitindo mchanganyiko za kupokezana. Dhahabu hiyo ilihesabiwa kuwa ya 1,000 kwa Marekani katika historia ya Olimpiki za majira ya joto. Aliondoka Rio na dhahabu mbili na fedha mbili. Katika mashindano ya dunia ya 2019 huko Gwangju alishinda mita 50 na mita 100 na kupata medali saba kwa jumla. Mwaka 2021 mwili ulimgomea kwa uchovu wa kupita kiasi, hali iliyomlazimu kuacha mazoezi kwa wiki kadhaa, na katika mchujo wa Olimpiki wa Marekani akashindwa kufuzu katika mita 100. Alirudi siku chache baadaye, akashinda mita 50 na kwenda Tokyo. Mwaka 2024 alipanda tena jukwaani huko Paris na kundi lililopata fedha.

Mabaki ya watu 95

Mwezi Februari 2018, mwaka wa pili baada ya Rio, wilaya ya shule ilikuwa inajenga chuo cha ufundi Sugar Land. Mchimbaji aliyekuwa kwenye mtambo aliona mfupa. Wataalamu walipomaliza kuchimba walikuwa wamefukua mabaki ya watu 95, wanaume 94 na mwanamke mmoja, wenye umri wa kati ya miaka 14 na 70. Miili ilikuwa ya watu wenye misuli mikubwa na lishe duni. Palikuwa na minyororo. Walikuwa wafungwa wa kukodi wa zama za Cunningham na Ellis na za waliowafuata.

Kuna mtu aliyesema mapema kwamba wako pale. Reginald Moore, aliyewahi kuwa askari magereza katika eneo hilo, alitumia miaka mingi kuwaonya maofisa kuwa chini ya ardhi inayopimwa viwanja kuna makaburi. Wengi walimpuuza. Mifupa ilipotokea, alisimama kudai iheshimiwe. Mabaki yale yalizikwa upya palepale mwezi Novemba 2019, na Moore alifariki mwaka uliofuata.

Nasimulia makaburi hayo na medali kwa pumzi moja kwa sababu ni ya ardhi moja. Wajukuu wa jamii iliyolazimishwa kukata miwa walikuja kumiliki nyumba kwenye bonde hilohilo baada ya sheria kubadilika, na kizazi kimoja tu baada ya mabadiliko hayo akatokea bingwa wa Olimpiki. Hiyo ni hoja nzito kwa yeyote aliyewahi kusema kwamba watu Weusi hawana mwili wa kuogelea. Mwili haukubadilika kati ya 1949 na 2016. Kilichobadilika ni nani anaweza kununua nyumba karibu na maji.

Lakini mlango haujafunguka wote. Utafiti uliotangazwa na wakfu wa shirikisho la kuogelea la Marekani mwaka 2017 ulikuta asilimia 64 ya watoto Weusi hawajui kuogelea au wanajua kidogo sana, dhidi ya asilimia 40 ya watoto Weupe. Mzazi asiyejua kuogelea, uwezekano wa mtoto wake kujifunza ni chini ya mmoja kati ya watano. Bwawa alilonyimwa bibi mwaka 1949 bado linamnyima mjukuu leo, na matokeo yake huonekana katika takwimu za watoto wanaozama. Manuel mwenyewe analijua hilo, na ameanzisha wakfu wenye jina lake ili watoto Weusi na wa jamii nyingine zisizo za Kizungu wafikiwe na masomo ya kuogelea.

Juhudi hizo zinastahili kuungwa mkono, ila wakfu wa mtu mmoja hauwezi kubeba mzigo uliotengenezwa na sheria, mabenki na wapima viwanja kwa miaka themanini. Familia zilizoweza kununua First Colony zilipata bwawa pamoja na mlango wa mbele. Familia zilizobaki katika mitaa ya zamani ya jiji hutegemea bwawa la umma, ambalo bajeti ikikazwa huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufungwa. Mji unaotaka mabingwa zaidi, au unaotaka tu watoto wake wasizame, uanze na ramani yake ya makazi: uweke alama kwenye kila bwawa, uangalie ni nyumba za nani zilizo karibu nalo na mtoto asiye na gari la wazazi atafikaje, kisha ulipie mabwawa mapya pale ramani inapoonyesha pengo.